Bustani ya Kijapani Kwenye Nchi ya Mawe



Mtu akimaliza kujenga, nyumba imeezekwa na rangi imekauka, hapo ndipo anapoanza kuufikiria uwanja. Zamani jibu lilikuwa moja tu: panda ukoka, zungushia maua, basi. Siku hizi mwenye nyumba anamwita fundi, anatoa simu mfukoni na kumwonyesha picha ya bustani ya Kijapani. Mawe machache, changarawe iliyochorwa mistari, mti mmoja ulioinama, kidaraja chekundu, na kidimbwi chenye samaki wa rangi. Anataka wageni wake wakija Jumapili wakae humo. Fundi anaitazama picha, anamrudishia simu, anasema, "Bosi, hii mbona inawezekana." Halafu anaanza kumpigia hesabu ya mifuko ya saruji.

Hapo ndipo ninapotaka kumvuta pembeni mwenye nyumba wa Musoma, wa Majita, wa Butiama na wa Bunda, tuongee kidogo kabla hajatoa pesa ya kianzio.

Sisi wa huku tunaishi juu ya mawe. Ukitoka Musoma mjini ukaelekea Majita, hadi Bukima, mawe hayakuachi: mengine yameipita nyumba kwa ukubwa, mengine yamebebana tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, na katikati ya ufa mkuyu umepenyeza mizizi na kujisimamia. Jirani zetu wa kisiwa cha Ukara wanalo lile jiwe lao maarufu linalocheza. Ya kwetu hayachezi, lakini yapo. Na mtu anayenunua kiwanja huku, adui yake wa kwanza ni jiwe. Anatafuta vijana, wanalichoma kwa matairi mabovu mpaka lipasuke, mitaimbo na nyundo zinaingia, akina mama wanakaa kitako kugonga kokoto, na kokoto inauzwa kwa ndoo. Simlaumu mtu anayepata riziki yake hapo. Ninayemshangaa ni yule anayelichoma jiwe la kiwanjani kwake mwezi Januari, kisha Desemba analipa Fuso limletee mawe ya mapambo.

Tunaijua Japani kwa Toyota na kwa injini za boti, na wenye umri mkubwa watawakumbuka vijana wao wa kujitolea, ambao wamekuwa wakija Tanzania tangu mwaka 1967. Kwa habari za bustani tunawajua kidogo zaidi. Wana kitabu cha kale kiitwacho Sakuteiki, cha karne ya 11, na katika kitabu hicho kutengeneza bustani ni kusimika mawe. Jiwe linatangulia, mti unafuata. Na bustani yao inayotajwa kuliko zote, ile ya hekalu la Ryoan-ji mjini Kyoto, haina ua hata moja. Ni uwanja wa kama mita 25 kwa 10, umetandazwa changarawe, na juu yake kuna mawe 15, basi. Yamepangwa kwa namna ambayo ukikaa barazani mwa hekalu, popote utakapokaa, kuna jiwe moja utalikosa. Unesco imeiweka kwenye urithi wa dunia tangu 1994 pamoja na mahekalu mengine ya mji ule. Na changarawe nyeupe iliyozipa sifa bustani za Kyoto, ile iitwayo ya Shirakawa, ni granaiti iliyomeguka. Granaiti, msikilizaji. Jamii ya mawe haya haya tunayoyachoma kwa matairi.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza isiwe ya saruji. Zunguka kiwanja chako asubuhi kabla jua halijawa kali, uyatazame mawe uliyonayo. Lililo kubwa lisilohamishika liache hapo lilipo, nyumba ndiyo ilifuate. Yale ya kuhamishika, chagua matatu au matano, si kumi na mawili, na uyasimike. Kusimika si kuweka. Ninawaona mafundi wanaliburuta jiwe, wanaliacha juu ya ardhi, na linabaki hapo miaka yote likiwa mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Chimba shimo, lizamishe theluthi moja, shindilia udongo pembeni kwa mpini wa mtaimbo mpaka ulisukume na lisitikisike. Na ulitazame uso. Upande uliopigwa na jua na mvua miaka yote, wenye madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa, ndio wa kutazama watu. Ule uliotoka ardhini juzi urudi ardhini. Ukilifanya hivyo vizuri, baada ya mwezi mijusi yenye vichwa vyekundu itakuja kulala juu yake kuota jua, na hapo utajua kwamba limekubalika.

Na tafadhali, chokaa hapana. Kuna ugonjwa katika nchi hii, sijui nani alituletea, wa kuyapaka mawe chokaa nyeupe. Shule, zahanati, ofisi ya kata, kila penye mstari wa maua kuna mstari wa mawe meupe yamepigwa safu utadhani mkuu wa mkoa anakuja kukagua gwaride. Granaiti yenye mamilioni ya miaka haihitaji rangi ya mwaka huu.

Sasa tuje kwenye uwanja wenyewe, maana hapa ndipo ninapodhani tunawazidi Wajapani bila kujua. Mtawa wa Kyoto anaamka anachukua reki ya mbao yenye meno mapana, anachora mistari kwenye changarawe, anaikwepesha kwenye jiwe ili maji yaonekane yanazunguka kisiwa ingawa tone la maji halipo. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kutazama. Kwetu, nani asiyeujua uwanja wa udongo uliofagiliwa alfajiri? Anayefagia anaanzia mlangoni anarudi kinyumenyume, ufagio unaacha mistari ya nusu duara, na mama mwenye nyumba akitoka anaisoma mistari ile: hapa nyoka amepita usiku, hapa ng'ombe wa jirani, hapa nyayo za mtu ambaye hakugonga hodi. Uwanja ule ulikuwa na kazi. Ulifukuza wadudu na nyoka, ulianikiwa dagaa na udaga, na jioni ulipokea wageni. Tukaja kuuona ni wa kishamba, tukapanda ukoka unaotaka maji kila siku, na bili ya maji tunailalamikia.

Kwa mji unaopata jua la Musoma, nasema wazi, uwanja mkavu una akili zaidi. Tandaza changarawe ndogo juu ya udongo ulioshindiliwa, unene wa vidole vinne. Isiwe nyeupe sana. Kule Kyoto weupe unawasaidia kupeleka mwanga kwenye vyumba vyenye giza. Huku utawaumiza macho wageni kuanzia saa nne asubuhi. Ile ya kijivu inatosha. Uchukue kwa wenye machimbo yanayotambulika, usiende kukomba mchanga wa ufukweni, pale samaki wanapozalia. Reki ya mbao mpelekee seremala mchoro. Meno matano ya mapana ya vidole viwili, basi.

Lakini kuna jambo moja ambalo picha ya kwenye simu haikuambii. Bustani ya chai ya Kijapani ilitengenezwa kwa wageni wanne au watano, wanaonong'ona. Wageni wetu si watano. Wewe ukisema umealika watu kumi, kila mmoja atakuja na mwenzake, na binamu aliyeshuka na basi kutoka Mwanza hawezi kuachwa nyumbani peke yake. Halafu kuna siku ya ubarikio, kuna siku ya mahari, na kuna siku ya msiba ambayo haina kadi wala orodha. Ukiujaza uwanja kwa vidaraja, vidimbwi na taa za zege, siku ile turubai utalifunga wapi? Ndiyo maana nasema uwazi katika bustani hii ndio nafasi ya watu. Kule Ryoan-ji changarawe haikanyagwi. Ya kwako ikanyagwe. Viti mia vipangwe, sufuria zipite, ngoma ichezwe, na kesho yake reki ipite mara moja mistari irudi. Ukoka uliokanyagwa na watu mia hausimami kwa reki.

Mawe makubwa yaende pembeni, kwenye kona na ukingoni, katikati pabaki wazi. Kutoka getini hadi mahali pa kukaa weka njia ya mawe bapa, umbali wa hatua ya mtu mzima asiye na haraka. Hili si pambo. Mama aliyevaa viatu vya visigino hawezi kuvuka changarawe, atazama mpaka kifundo, na utakuwa umemwaibisha kabla hajala. Mzee mwenye fimbo naye anataka penye ugumu. Wajapani wanazitumia njia hizi kumpunguzia mgeni mwendo, aache mambo ya barabarani nje ya geti. Sisi zitatufaa kwa hilo na kwa visigino.

Njia ile iishie wapi? Kwa Wajapani, kabla ya kuingia kwenye nyumba ya chai, mgeni anakuta jiwe lililochimbwa tumboni, lina maji, na kata ya mwanzi imelazwa juu. Anainama, ananawa mikono, anasukutua. Linaitwa tsukubai. Msikilizaji wangu hapo anatabasamu, kwa sababu hakuna mtu wa Mara atakayefundishwa kunawa kabla ya kula. Birika, beseni, na kijana wa nyumbani anayeanza na mkubwa kuliko wote: hiyo ndiyo desturi, na ina heshima yake ambayo bomba la kwenye sinki haliwezi kuileta. Kwa hiyo badala ya sinki la plastiki lililofungwa ukutani karibu na choo cha wageni, tafuta jiwe, fundi alichonge bakuli, maji yaangukie kwenye kokoto na kuishia kwenye shina la mgomba nyuma ya ukuta. Fanya mawili: moja la chini, na jingine la kimo cha kiuno kwa ajili ya wazee, maana magoti hayana adabu za Kijapani.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Sen no Rikyu, bwana mkubwa wa chai aliyeishi kati ya 1522 na 1591. Alikuwa na kiwanja chenye mandhari ya bahari, naye akapanda miti akaifunika bahari yote. Wageni wakashangaa. Walipofika kwenye jiwe la kunawia na kuinama, ndipo wakaona kipande kidogo cha bahari kikimeta katikati ya majani, na kichwa kilikuwa kimekwisha kuinama. Sijui kama kila mwenye nyumba wa Makoko, pale Musoma, atakuwa na ujasiri huo. Wengi wetu tunafanya kinyume chake mara mbili: tumenunua kiwanja kwa sababu ya ziwa, tukakizungushia ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu, na ziwa tukalipoteza kabisa. Wezi wapo, sikatai. Lakini ukuta unaweza kuwa na dirisha la nondo mahali pamoja, pale anaponawa mtu. Hili Wajapani wanaliita kuazima mandhari: kilima cha mbali, hekalu la jirani, mlima usio wako, unauingiza kwenye bustani yako bila kulipa kodi. Bunda hakuna ziwa la kutazama kila mahali, lakini mlima wa Balili upo. Butiama ukienda Mwitongo, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa Oktoba 1999, unakuta makazi yaliyojengwa kilimani penye miamba, na jirani yake msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wameutunza kwa imani kizazi hadi kizazi. Japani nako wapo watu wanaofunga kamba ya majani ya mpunga kwenye mti mkongwe au kwenye mwamba, kuonyesha kwamba hapo pana wenyewe. Wazee wa Butiama hawangehitaji mkalimani.

Kidimbwi cha samaki wa rangi ndicho nitakachokipinga. Najua ndicho watoto wanachokitaka. Ukanda wetu una mbu na una kichocho. Ukichota maji ya ziwani kujaza dimbwi, unaweza kumleta konokono nyumbani, na konokono ndiye anayehifadhi minyoo ya kichocho. Wajapani hili wanalijua kuliko tunavyodhani. Mwaka 1904 daktari wao Katsurada ndiye aliyeitambulisha minyoo ya kichocho cha kwao, mwaka 1913 Miyairi na Suzuki wakaonyesha kazi ya konokono, kisha Wajapani wakahangaika miaka na miaka kwenye mashamba ya mpunga ya Yamanashi, wakisakafia mifereji ya umwagiliaji ili konokono akose pa kuishi. Yamanashi ilitangaza kumaliza ugonjwa huo mwaka 1996. Watu walewale wenye vidimbwi vizuri ndio walioogopa maji yasiyotunzwa. Ukishindwa kabisa kujizuia, basi lisakafie, maji yawe ya bomba, weka sato wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Na usithubutu kuokota gugumaji ziwani kwa sababu lina ua zuri la zambarau. Ua lile limetusumbua tangu miaka ya 1980 mwishoni. Wavuvi wa Mwigobero hawataelewa ukilibeba kwa ndoo kulipeleka nyumbani. Hata jiwe la kunawia limwagwe maji mara moja kwa wiki, mbu asipate muda wa kukomaa.

Kwa wenye viwanja vya ufukweni nina neno moja la sheria na moja la kiboko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Waliodhani ni porojo waliona mwaka 2020 maji yalivyopanda yakaingia vyumbani. Kiboko naye hasomi sheria, lakini ukoka mbichi anausikia harufu, na usiku atatoka majini kuja kuula. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda changarawe.

Miti sina mengi. Msonobari wa Kijapani uliokunjwa kwa waya miaka thelathini hautapatikana kwenye kitalu cha kando ya barabara. Panda mkrismasi mmoja, mmoja tu, mbali na msingi wa nyumba. Utachanua Desemba, wakati watoto wetu wa Dar na Mwanza wanarudi nyumbani, na maua yake mekundu yakianguka juu ya changarawe yaacheni mpaka wageni waondoke. Ukingoni mishubiri inavumilia kiangazi. Minyaa inafaa kwa uzio lakini utomvu wake unaunguza macho, isiwe karibu na watoto. Mianzi ichimbiwe kizuizi, la sivyo mwaka wa tatu itahamia kwa jirani bila kuaga.

Jioni sasa, maana wageni wengi hukaa jioni. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Jiko la kuchomea sato lisikae kwenye mstari huo, liwekwe ubavuni, vinginevyo utawavutisha moshi watu mchana au usiku. Viti visitazame magharibi moja kwa moja. Mgeni aliyekunja uso kwa jua la saa kumi na moja hata mazungumzo yake yanakuwa mafupi. Na taa zisiwe juu. Wale vijidudu vya ziwani wanaopanda kwa makundi wanafuata mwanga mweupe mkali, na taa iliyoning'inizwa juu ya meza itawaangusha wote kwenye mchuzi. Wajapani wanaweka taa za mawe chini, karibu na ardhi, zimulike njia na si nyuso. Fanya hivyo, tumia balbu ya njano, na chakula kiwe mbali nayo.

Kuhusu siku ya kualika, wakazi wa ziwani hamna haja ya kalenda ya ukutani. Wajapani wana jioni yao ya kukaa kutazama mwezi mpevu wakati wa vuli ya kwao. Huku mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika, kwa sababu taa zao hazimvuti dagaa. Ziwa linabaki jeupe na tupu, na rafiki yako mvuvi ana nafasi ya kuja kula. Siku za giza zikiingia, wote wako majini, na kwa mbali unaona taa zao zimejipanga kama mji ambao haukuwepo mchana. Hakuna fundi atakayekuuzia hiyo. Ukiwa na mgeni kutoka Dodoma, mwalike siku za giza. Ukitaka wavuvi wenyewe mezani, mwalike mtu siku za mbalamwezi.

Kazi ya mawe ifanyeni kiangazi, ardhi ikiwa kavu na mtaimbo haukwami kwenye tope. Mfereji wa kupitisha maji uchimbwe kabla ya vuli, usije ukaikuta changarawe yote kwa jirani wa chini. Miti ingojee mvua. Na kabla hujamwita fundi wa mawe, mwite fundi wa banda la kuku, kwa maana kuku mmoja aliyefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na vifaranga wake wanane, atakuwa amekwisha kuichora changarawe yako mistari ya kwake kabla hujamaliza kupiga mswaki.